Matuta ya Matombo na madarasa ya leo

Barabara itokayo Bigwa, pembezoni mwa mji wa Morogoro, hupita Kiroka na Mkuyuni kabla ya kufika Matombo, na mkono wa kulia milima ya Uluguru humsindikiza msafiri njia nzima. Matombo kwa Kiluguru ni matiti. Jina limetokana na umbo la vilele vinavyoonekana hapo. Ni nchi ya ndizi, nanasi na magimbi, ya mvua nyingi na njia za utelezi. Pia ni mahali penye kumbukumbu moja ambayo kila anayeitisha mkutano wa wazazi wa shule ya msingi angefaa kuijua.

Julai 1955 wananchi walikusanyika Matombo kupinga kazi ya kuchimba matuta. Serikali ya kikoloni ilikuwa na mpango wa matumizi ya ardhi ya Uluguru, na kwa mpango huo wenye nguvu walitakiwa kuchimba matuta ya ngazi kwenye miteremko, udongo usisombwe na mvua na kuishia mtoni. Lengo halikuwa baya. Lakini kazi ilikuwa ya amri, ilisimamiwa kwa adhabu, na ilikula siku ambazo mkulima alizihitaji shambani kwake. Tena udongo wenye rutuba kwenye miteremko ile ni mwembamba. Jembe la matuta liliufukia na kuleta juu udongo usiozaa. Watu walisema, hawakusikilizwa. Siku ile polisi walifyatua risasi, mtu mmoja akafa, na mpango wote ukavunjika.

Nusu karne baadaye, katika milima hiyohiyo, wakulima wa Kibungo Juu walichimba matuta kwa hiari yao. Mashirika ya CARE na WWF yaliwakutanisha na watumiaji wa maji ya Mto Ruvu walioko chini, yaani DAWASCO ya Dar es Salaam na kampuni ya Coca-Cola Kwanza, wakakubaliana kwamba mkulima autunze mteremko na mtumiaji wa maji amlipe. Jembe lilikuwa lilelile na mlima uleule. Tofauti ni kwamba safari hii mkulima aliulizwa kabla kazi haijaanza, akaambiwa atapata nini, na akapima mwenyewe kama inamfaa.

Shule za msingi za Tanzania leo zimesimama kati ya matuta ya aina hizo mbili. Zinamhitaji mzazi, na hilo halina ubishi. Ila namna zinavyomwita inafanana mno na ile ya 1955.

Mzazi na shule wamekuwa wakivutana kwa muda mrefu. Sheria ya Elimu ya mwaka 1978 ilizitambua kamati za shule, lakini nguvu ya kweli zilipewa na Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, MMEM, ulioanza mwaka 2002 baada ya ada kufutwa. Fedha za ujenzi na za uendeshaji zilifika kwenye akaunti ya shule, na kamati, ambayo katibu wake ni mwalimu mkuu, ikasimamia matumizi. Vijijini madarasa yaliinuka, wananchi wakichangia tofali, mawe, maji na mchanga. Miaka ikapita, michango ikaota mizizi kila upande: ya mlinzi, ya mitihani, ya madawati, ya masomo ya ziada. Mtoto wa asiyelipa akawa anarudishwa nyumbani. Waraka wa Elimu Namba 5 wa mwaka 2015 ukaukata mti huo, na kuanzia Januari 2016 elimumsingi ikawa bila malipo. Januari 2018 Rais John Magufuli akakazia tena kwa kupiga marufuku michango katika shule za umma.

Uamuzi ule ulikuwa wa haki, na ni vizuri kusema hivyo waziwazi. Hakuna mtoto anayestahili kukosa somo la hesabu kwa sababu mama yake hakupata debe la mchanga.

Lakini neno "bure" lilipopanda milimani lilisikika pana kuliko lilivyoandikwa. Waraka Namba 3 wa mwaka 2016, uliofafanua wajibu wa kila upande, ulimwachia mzazi sare, madaftari, kalamu na chakula cha mtoto. Wazazi wengi hawakuwahi kusomewa waraka huo. Walichobaki nacho ni kwamba shule sasa ni ya serikali, na mwenye mali ndiye mlezi wa mali. Walimu nao wakaingiwa na hofu. Mwalimu mkuu aliyekuwa anathubutu kuwaita wazazi wafyeke uwanja sasa aliogopa kuambiwa amekusanya michango.

Hesabu ya fedha inaeleweka kwa mtu yeyote. Ruzuku ya uendeshaji ilipangwa kuwa shilingi 10,000 kwa mwanafunzi wa shule ya msingi kwa mwaka. 4,000 zibaki kwa ajili ya vitabu, 6,000 ziende shuleni. Kwa shule ya mlimani yenye watoto 300, hizo ni shilingi 1,800,000 kwa mwaka, sawa na 150,000 kwa mwezi. Humo ndimo mna chaki, karatasi za mitihani, ukarabati wa mlango uliong'oka, mipira, na mambo mengine yote ya kuiendesha shule. Mama anayeshusha mikungu ya ndizi kuiuza Soko Kuu la Chifu Kingalu mjini Morogoro hahitaji semina ili atambue kwamba fedha hizo hazitoshi. Anahitaji mtu wa kumwonyesha hesabu yenyewe. Huyo hajatokea, kwa hiyo anapoambiwa achangie, anajiuliza kama alivyojiuliza babu yake: ya nini, na inakwenda wapi?

Mkutano wa wazazi katika shule nyingi unajulikana ulivyo. Wito huletwa na mtoto, kipande cha karatasi kilichochanwa kwenye daftari: mzazi afike bila kukosa. Mama akikishika, la kwanza linalomjia ni mtoto kafanya nini, la pili ni shilingi ngapi. Mkutano umeandikwa saa tatu, unaanza saa tano, mtendaji wa kijiji akishafika. Wanawake wameketi kwenye nyasi na watoto mgongoni. Wanaume wachache wamesimama chini ya mwembe, karibu na njia. Ajenda ya kwanza ni taaluma, inasomwa kwa wastani na asilimia. Ya pili ni nidhamu, wazazi wanaambiwa watoto wao ni watoro. Ya tatu ni chakula, na hapo kiwango kinatajwa kikiwa kimeshaandikwa tayari. Wanapofika kwenye mengineyo, wingu limeshashuka kutoka mlimani na kila mtu anatazama njia ya kurudi. Hakuna aliyeingia darasani. Hakuna aliyeshika daftari.

Mama huyo asipotokea mkutano ujao, ataandikwa kuwa mzazi asiyejali elimu. Si kweli hata kidogo. Amepima. Siku moja ya kuchuma njegere au kabichi kule Mgeta ni fedha inayoonekana, na siku moja ya mkutano ni kusikia anachodaiwa. Wakati mwingine viongozi hufikia hatua ya kutoza faini kwa wasiofika, na hata mgambo kupita nyumba kwa nyumba. Hapo shule inakuwa imerudi Matombo ya 1955 bila kujua.

Kuna jambo jingine ambalo fomu za shule hazilioni, na kwa Uluguru ni kubwa. Waluguru hufuata ukoo wa mama. Ardhi ya ukoo hupita upande huo, na mjomba ana kauli juu ya mtoto wa dada yake. Maisha ya sasa nayo yameongeza lake: vijana wameshuka Morogoro mjini na Dar es Salaam kutafuta riziki, watoto wamebaki na bibi. Fomu inauliza jina la baba, na karatasi ya wito inamtaja mzazi. Bibi anayekoroga uji alfajiri, na mjomba ambaye neno lake moja lingemaliza utoro, hawajioni kama wameitwa. Mwalimu mkuu aliyepangiwa kituo huko kutoka mkoa wa mbali anaweza kukaa miaka mitatu bila kujua kwamba mtu aliyekuwa anamtafuta amekuwa akipita mbele ya ofisi yake kila siku ya gulio.

Kuandika jina la mlezi halisi hakugharimu kitu. Mwalimu wa darasa la kwanza anapoandikisha mtoto Januari, aulize: nani analala naye nyumba moja, nani anamwamsha, na nyumbani akikosea nani anamkanya. Majibu yanaweza kuwa majina matatu. Basi yaandikwe yote matatu.

Walezi hao wakishajulikana, ipo kazi wanayoiweza. Mwaka 2010 tathmini ya Uwezo ilianza kuwapima watoto wa Tanzania kusoma na kuhesabu. Waliopita nyumbani kwao walikuwa watu wa kujitolea kutoka maeneo yaleyale, si wakaguzi kutoka makao makuu. Matokeo yalishtua: kati ya watoto kumi wa darasa la tatu, takriban watatu tu ndio waliomudu kusoma hadithi ya Kiswahili ya kiwango cha darasa la pili. Tangu hapo serikali imebadili mtaala wa madarasa ya mwanzo ukajikita kwenye kusoma, kuandika na kuhesabu, KKK kama inavyoitwa, na kumekuwa na hatua. Lakini namna kipimo kile kilivyofanyika inastahili kukumbukwa kama matokeo yenyewe. Mtoto alipimwa nyumbani, wakubwa wake wakiwapo. Mzazi alisikia kwa masikio yake.

Kusikiliza ni kazi ambayo mtu yeyote anaiweza, hata asiyejua herufi. Jioni mtoto ameshika kitabu, kidole kiko chini ya neno. Bibi anamwambia asome kwa sauti. Hawezi kumsahihisha silabi, ila anajua mtoto anapokwama: sauti inashuka, kidole kinasimama, macho yanakimbilia kwenye picha. "Rudia hapo," anasema. Anajua pia pale ambapo hadithi imepoteza maana, kwa sababu hadithi amezisikia na kuzisimulia maisha yake yote. Akiona sungura kaingia kisimani bila sababu, ataomba ukurasa usomwe upya. Dakika kumi kwa siku, hakuna stakabadhi wala faini. Kinachokosekana ni mwalimu wa kumwambia bibi huyo kwamba anachokifanya ni kazi ya shule, na kuhakikisha kitabu kinafika nyumbani badala ya kufungiwa kabatini ofisini kisije kikachafuka.

Mahali pengine kitu kama hicho kimeshafanywa kwa mpangilio. Mpango wa EQUIP-Tanzania, uliofanya kazi kuanzia mwaka 2014 hadi 2020 katika mikoa kama Dodoma, Kigoma, Lindi na Tabora, uliwatumia wanakijiji waliopewa mafunzo ya muda mfupi kuwaandaa kwa hadithi watoto waliokuwa hawajawahi kukaa darasani. Mpango huohuo ulieneza ushirikiano wa wazazi na walimu, maarufu kwa kifupi cha UWAWA, wenye wawakilishi wa wazazi wa kila darasa. Morogoro haikuwa miongoni mwa mikoa hiyo, lakini wazo lenyewe halina mpaka wa mkoa. Kamati ya shule ni ya shule nzima, na mara nyingi viti vyake huchukuliwa na watu walewale wa siasa za kijiji. Mwakilishi wa darasa la pili anahangaika na darasa la pili peke yake. Anajua ni watoto wangapi hawana kalamu, mwalimu wao ameugua siku ngapi, na nani hajaonekana tangu mto ufurike.

Hilo la mto halisemwi kwa kupamba maneno. Wakati wa masika, kuanzia Machi hadi Mei, vijito vya Uluguru hujaa kwa saa chache. Mtoto wa miaka saba aliyevuka asubuhi maji yakiwa kwenye kifundo cha mguu anaweza kukuta yamemfika kiunoni mchana. Watu wazima wawili wa zamu kwenye kivuko, asubuhi na mchana, kwa miezi mitatu, ni mchango mkubwa kuliko shilingi yoyote inayoweza kutajwa mkutanoni. Haumo kwenye daftari la michango la shule yoyote, kwa sababu daftari lina safu ya fedha peke yake.

Tukirudi kwenye fedha, mfano wenye nguvu kuliko yote uko jirani, Uganda. Watafiti Ritva Reinikka na Jakob Svensson walifuatilia ruzuku iliyotengwa na serikali kuu kwa shule za msingi. Waligundua kwamba kati ya mwaka 1991 na 1995 shule zilipata kwa wastani asilimia 13 tu. Iliyobaki iliishia njiani. Serikali ikaanza kuchapisha magazetini kiasi kinachotumwa kila wilaya, na shule zikatakiwa kubandika taarifa mahali pa wazi. Kufikia mwaka 2001 sehemu iliyofika shuleni ilizidi asilimia 80. Miaka hiyo kulikuwa na mageuzi mengine pia, na wataalamu wamebishana ni kiasi gani cha mafanikio kinastahili kuhesabiwa kwa magazeti. Hata hivyo, mzazi ambaye hajui kilichotumwa hawezi kuuliza kilichofika; hapo hakuna wa kubishana.

Utafiti mwingine wa Uganda, uliohusisha shule za msingi 100 za vijijini, unagusa kiini cha jambo zaidi. Kamati za kundi moja la shule zilipewa kadi ya kutathmini shule iliyokwisha kuandaliwa na watu wa nje. Kamati za kundi la pili zilipewa mwongozo wa kujadiliana na kuchagua zenyewe mambo ya kufuatilia. Kadi ya kwanza haikuleta tofauti ya maana. Kwa wale waliochagua wenyewe, walimu walipunguza kukosa kazini na watoto wakafanya vizuri zaidi mitihani. Mkulima wa Kibungo Juu asingeshangaa kusikia hivyo.

Kwa hiyo tuanze na ubao. Kila shule ina ukuta unaofaa. Taarifa ya mapato na matumizi iliyochapwa kwa lugha ya ofisi na kubandikwa nyuma ya mlango wa mwalimu mkuu haimfikii mtu. Tangazo ni chaki ukutani, nje, herufi kubwa, linaloandikwa upya kila Ijumaa: tumepokea hiki, tumetumia hiki, kimebaki hiki. Debe 42 za mahindi zimeingia, 11 zimeshapikwa. Bati mbili zimeng'oka, fundi anadai kiasi hiki. Mwalimu mmoja yuko likizo ya uzazi hadi Agosti. Mtoto wa darasa la tano atasoma na kumsimulia bibi yake, na bibi atakuja na swali. Swali hilo ndilo mwanzo wa ushiriki.

Chakula kinahitaji kuangaliwa kwa karibu, maana ndipo ugomvi mwingi ulipo. Mwongozo wa kitaifa wa mwaka 2020 kuhusu chakula na lishe shuleni umewapa wazazi na jamii nafasi kubwa ya kugharimia mlo wa mtoto. Mtoto wa mlimani huweza kushuka bonde zima na kupanda la pili kabla ya kuwahi namba asubuhi. Akikaa hadi mchana bila kitu tumboni, mwalimu anaongea na mwili tu. Sasa hesabu. Kikombe cha uji kinachotumia gramu 50 za unga, kwa siku 194 za masomo, ni kilo 9.7 kwa mwaka. Ni kama nusu debe la mahindi na kidogo juu yake, kwa mtoto mmoja, kwa mwaka mzima. Familia nyingi za Uluguru zinaliweza hilo.

Kinachowashinda ni tarehe. Mara nyingi mchango wa chakula hutangazwa Januari, mwezi wa sare mpya na madaftari, wakati ghala limebaki na mbegu. Mahindi ya masika yakishavunwa, shule ingepokea nusu debe hilo bila kumfuata mtu nyumbani. Tena kwa nini yawe mahindi tu? Mahali penye magimbi, ndizi na maharage, orodha ya shule ingeweza kuandika magimbi, ndizi na maharage. Mzazi asiye na chochote apewe siku zake mbili za kupika au kuteka maji, na siku hizo ziandikwe kwenye daftari sawasawa na debe la mwenzake. Uamuzi wa aina hiyo hauwezi kutoka halmashauri. Utoke kwa watu wanaojua shamba la nani limeliwa na ngedere.

Kisha kuna kuni. Serikali iliagiza taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 kwa siku ziwe zimeacha kuni na mkaa ifikapo 31 Januari 2024. Shule nyingi za vijijini bado zinapika kwa mafiga matatu, na mtoto anaambiwa aje na kuni pamoja na daftari. Kuni hizo hukatwa kwenye miteremko ileile inayolisha Mto Ruvu, maji ya Dar es Salaam. Mtungi mkubwa wa gesi na namna ya kuujaza tena ni mambo ambayo shule ya shilingi 150,000 kwa mwezi haiwezi peke yake. Hapo serikali inadaiwa. Lakini kati ya mafiga na gesi kuna jiko banifu la tofali na udongo, na karibu kila kijiji kina fundi anayeweza kulijenga kwa siku chache. Fundi huyo ni mzazi. Tatizo ni kwamba hajawahi kuulizwa anajua kazi gani. Amewahi kuulizwa ana shilingi ngapi.

Nguvu za wananchi zina ushahidi wake mkubwa hapa nchini, nao ni shule shikizi. Wazazi walipochoka kuona watoto wadogo wakitembea kilomita nyingi, walijenga vyumba vya miti na udongo au vya tofali karibu na vitongoji vyao, wakavishikiza kwenye shule mama. Hakuna aliyewaamrisha. Mwaka 2021, fedha za kukabiliana na athari za UVIKO-19 zilipokuja, serikali ilipanga kujenga vyumba 15,000 vya madarasa, na 3,000 kati ya hivyo vikaelekezwa kwenye shule shikizi. Serikali iliwakuta wananchi wameshaanza. Huo ndio mpangilio mzuri: hitaji linatajwa na wenye watoto, mwanzo unafanywa na wenye watoto, halafu bati, saruji na mwalimu vinafika kutoka kwa mwenye kodi. Mpangilio huo ukivunjika katikati hubaki boma, kuta zilizofika kwenye lenta na kuota majani ndani. Kila boma ni mkutano wa wazazi ambao hautapata watu tena, kwa sababu kila mwenye macho analiona.

Wapo wanaosema kumhimiza mzazi kujitolea ni kuipunguzia serikali mzigo wake. Hofu hiyo ina msingi. Mwalimu wa kujitolea anayelipwa kwa vijisenti vya wazazi ni kiraka, na hakuna kijiji kinachopaswa kujivunia kiraka hicho kwa miaka kumi. Kuajiri walimu ni kazi ya serikali, na mzazi aliyeko shuleni kila wiki ndiye mwenye nguvu ya kuidai kazi hiyo ifanyike, kwa sababu ana takwimu mkononi: darasa la nne lina watoto kadhaa na mwalimu mmoja, tangu tarehe fulani. Hofu nyingine ni ya usawa. Shule ya mjini yenye wazazi waajiriwa wa Chuo Kikuu cha Sokoine au Mzumbe itachangisha kompyuta kwa jioni moja, ilhali ya Tegetero, huko milimani, itachangisha mawe. Hilo ni kweli mradi kipimo kikiwa fedha. Kipimo kikiwa masikio yanayomsikiliza mtoto akisoma, Tegetero haina upungufu.

Walimu nao wana lao la kusikilizwa. Wengine wameshapata wazazi wanaokuja shuleni kwa matusi tu, au kiongozi wa kijiji anayetaka kuingilia ratiba. Mwalimu anahitaji mpaka unaojulikana: mzazi anakaribishwa darasani siku fulani, anakaa nyuma, anasikiliza, maswali yanaulizwa ofisini. Siku moja kwa muhula ingetosha kuanzia. Siku hiyo watoto wasome, wazazi wasikilize, na fedha isitajwe kabisa. Mzazi aliyemwona mtoto wake amesimama mbele ya darasa akisoma sentensi nne bila kukwama hatahitaji karatasi ya wito mara ya pili.

Muda wa kuzoeana ni mfupi kuliko watu wanavyodhani. Kwa Sera ya Elimu toleo la 2023, elimu ya lazima inakuwa miaka kumi, sita ya msingi na minne ya sekondari. Mwaka 2027 darasa la sita na la saba yatamaliza pamoja, na Januari 2028 watoto wa madarasa hayo mawili watabisha hodi kidato cha kwanza kwa wakati mmoja. Wazazi wa milimani watahitaji kujua mapema shule ya sekondari iko wapi, bweni lipo au halipo, na mtoto wa kike wa miaka kumi na miwili atalala kwa nani akishuka bondeni. Wengi wao hawajaambiwa.

Mwaka huohuo wa 2028 shule ya msingi haitakuwa na darasa la saba tena. Katika shule zilizofurika chumba hicho kitajaa siku ileile. Katika shule ndogo za juu mlimani, huenda kikabaki wazi. Je, kiwe cha watoto wa awali, wanaosomea chini ya mti? Kiwe chumba cha vitabu vinavyoazimwa kwenda nyumbani, au ghala la mahindi yanayonyeshewa ofisini kwa mwalimu? Suala hilo liwekwe mbele ya wazazi sasa, wakiwa wameketi ndani ya chumba chenyewe kwenye madawati ya watoto wao, bibi na wajomba wakiwamo, na kabla mtu yeyote hajaandika jibu kwenye karatasi.